Nipe Mji

Jumapili, saa nne, mvua ya Leicester
ile isiyonyesha wala haikatiki,
nimejitwika kapu la nguo na mkebe wa sarafu.
Duka la kufulia la Hasmukh limebadilika sura:
tundu za sarafu zimezibwa kwa bati,
na penye tundu pana mraba wa madoadoa
kama upele wa surua.
"Upige picha," anasema Hasmukh, haniangalii.
"Si mimi. Ni kampuni."

Nikapiga. Simu ikafunguka, mahojiano yakaanza:
Jina. Barua pepe. Postikodi.
Umezaliwa lini?
Mashine inataka umri wangu
ndipo iroweke soksi!
Hata mkunga aliyenipokea
hakuuliza mengi kiasi hiki.
Nikaandika mwaka elfu moja mia tisa na moja.
Ikakubali. Ikanishangilia:
Hongera, Mwanahawa, umepata punguzo la wazee.

Kwenye benchi bunge limeshakaa.
Maureen, miaka thelathini na nane kiwanda cha soksi,
halmashauri imemtilia chipu kwenye pipa la taka.
"Wanayapima maganda yangu ya viazi!"
Anafoka, na saa mkononi mwake
inamhesabia mapigo ya moyo,
inampelekea binti yake aliyeko Calgary.
Nikaitazama. Akashusha mkono wa sweta.
"Hii? Hii ni zawadi."

Tobiasz anasema asiye na hatia hana wasiwasi.
Simu yake ikatetemeka.
Akaigeuza kifudifudi juu ya paja.

Hodan ametoa barua: pauni sabini,
njia ya mabasi, alfajiri, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili,
anatoka kukesha na wagonjwa.
"Basi lenyewe lilikuwa wapi? Limelala!"
Picha ikazunguka mkono kwa mkono,
namba ya gari, kilemba, miayo.
"Lakini nimetoka vizuri," anasema.
"Hata arusini hawakunipiga hivi."

Mimi nilinyamaza. Nina langu.
Jikoni kwangu kuna kispika, duara kama chungu cha ubani,
alichoniachia mwanangu alipohamia Aberdeen.
Kinanitajia nyakati za swala, kinanitajia baridi.
Nikirudi zamu nasema, "Nimefika,"
nacho kinajibu kwamba hakijanielewa.
Usiku mmoja nilikohoa, kikohozi kikavu,
asubuhi simu ikaniletea tangazo la dawa ya kifua.
Niligombana na kuta nzima nzima.
Kisha nikainunua. Ni dawa nzuri.

"Kitendawili," nikasema, nguo zinazunguka.
Hakuna aliyejua kuitikia, nikajiitikia: tega.
Halina kope, halisinzii,
halijanila chumvi, lanijua jina.
"Pipa," akasema Maureen.
"Mungu," akasema Tobiasz, akajuta.
"Faini," akasema Hodan.
Hasmukh alinyoosha kidole juu tu,
pembeni ya dari, kwenye kitone chekundu,
kisha akakirudisha kidole mfukoni.

Nikawaambia kwetu ukishindwa hutoi pesa,
unatoa mji. Nipe mji, nasema,
nawe unanipa, nami nakwenda kuutawala,
narudi na sifa zangu, ndipo nakufumbulia.
"Mji gani?" Wowote, mradi uwe mji.
Maureen akafikiri, akafuta miwani.
"Wachukue Coventry."

Tulicheka mpaka saa yake ikapiga kelele,
ikimwambia aketi chini. Alikuwa ameketi.

Mashine yangu ikasimama.
Nikavuta mlango, umekaza. Simu ikauliza:
Umeridhika? Tupe nyota.
Nguo zangu ndani ya kioo, zimelaliana,
kanga ya mama juu kabisa, imebanwa ncha.
Nikabonyeza nyota mbili. Ikauliza kwa nini.
Nikafuta.
Nikatoa tano.
Mlango ukalia kah!

Nguo bado zinachuruzika.